Usilolijua ni Usiku wa Kiza



Huenda mzazi mmoja miongoni mwenu amewahi kumkuta kijana wake sebuleni baada ya chakula cha usiku, ameinamia simu, akitazama picha isiyo na rangi. Ni uwanda wa majani meupe chini ya anga jeusi, na katikati ya picha mistari miwili myembamba iliyokatizana. Mnyama mfano wa mbwa aingia polepole, macho yake yakimetameta. Asimama, ageuza masikio. Mlio wasikika, mnyama aanguka, kisha video yahamia usiku mwingine na mnyama mwingine. Mama akiuliza ni kitu gani hicho, kijana hujibu kwa wepesi tu: "Wanawinda koyote, Mama. Huko Marekani."

Juma hili tumeona yafaa tukae kidogo na jibu hilo. Uwindaji huo upo kweli, una sababu zake na una sheria zake. Tena umebeba swali ambalo halihusu Wamarekani peke yao: mtu akipewa uwezo wa kuona gizani, je, amepewa pia uwezo wa kumtambua anayemwona?

Koyote ni nani?

Koyote ni mnyama wa jamii ya mbwa, mkubwa kuliko bweha wetu na mdogo kuliko mbwa-mwitu. Uzito wake kwa kawaida ni kati ya kilo 9 na kilo 20, rangi yake kijivu kilichochanganyika na hudhurungi, na akikimbia huushusha mkia wake wenye manyoya mengi. Asili yake ni nyanda na majangwa ya magharibi ya Amerika Kaskazini. Wahamiaji wa Kizungu walipoenea katika bara hilo waliwaangamiza mbwa-mwitu karibu kila mahali kwa bunduki, mitego na sumu. Nafasi iliyoachwa na mkubwa ikachukuliwa na mdogo. Leo koyote anapatikana katika majimbo 49 kati ya 50 ya Marekani, akikosekana Hawaii tu, na ameenea kutoka Kanada hadi Panama. Ndugu zetu waliohamia miji kama Minneapolis na Columbus huweza kumsikia akibweka usiku karibu na mitaa yao.

Hatuwezi kumlaumu mfugaji anayemchukia. Koyote humkamata mwana-kondoo kwa koo, na mwenye kundi huamka asubuhi akakuta riziki yake imelala majanini. Kwa mtu anayeishi kwa kondoo wake, wana-kondoo watano waliopotea katika msimu wa kuzaa ni ada ya shule au deni la benki. Kwa sababu hiyo serikali ya shirikisho ya Marekani yenyewe huwaua koyote makumi ya maelfu kila mwaka. Zamani ilitumia sumu nyingi, mpaka Rais Richard Nixon alipopiga marufuku mwaka 1972 matumizi ya sumu dhidi ya wanyama wala nyama katika ardhi za shirikisho, ingawa marufuku hiyo ililegezwa baadaye. Na katika majimbo mengi raia huruhusiwa kumwinda koyote mwaka mzima. Texas, kwa mfano, huwindwa mchana na usiku katika ardhi ya mtu binafsi, maadamu mwenye ardhi ameridhia.

Koyote, hasa pale anapowindwa sana, hutembea zaidi usiku. Mwindaji naye akalazimika kumfuata gizani.

Jicho la silikoni

Ndani ya darubini ya usiku ya kidijitali, ile inayofungwa juu ya bunduki, mbele mna lenzi, nyuma ya lenzi mna kipande kidogo cha silikoni cha kunasa mwanga, mfano wa kile kilichomo katika kamera ya simu, na karibu na jicho la mwindaji mna skrini ndogo. Maana yake ni kwamba mwindaji halitazami konde lenyewe. Anatazama picha ya konde, iliyotengenezwa na chombo.

Silikoni ina uwezo ambao jicho la mwanadamu halikupewa. Hunasa mwanga ulio ng'ambo ya rangi nyekundu, unaoitwa infraredi. Mwanga huo uligunduliwa mwaka 1800 huko Uingereza na William Herschel, alipokuwa akipima joto la kila rangi ya mwanga wa jua. Aliweka kipimajoto pembeni mwa rangi nyekundu, mahali pasipoonekana mwanga wowote, akakuta joto limepanda. Wasomaji wanaweza kuuona mwanga huo nyumbani na watoto wao. Zimeni taa, ielekezeni rimoti ya televisheni kwenye kamera ya mbele ya simu, kisha bonyezeni kitufe. Katika simu nyingi mtaona kitone cha mwanga kikimweka katika kioo cha simu, ilhali macho yenu matupu hayaoni kitu.

Mwindaji hufanya jambo hilo hilo kwa taa kubwa zaidi. Hufunga kurunzi ya infraredi ubavuni mwa darubini, akamulika konde zima kwa mwanga ambao yeye na mnyama hawauoni. Kurunzi hizo ni za namna mbili zilizozoeleka. Ile ya nanomita 850 hufika mbali, lakini anayeikabili kurunzi yenyewe huweza kuona wekundu hafifu. Ile ya nanomita 940 hufichika zaidi, ila haifiki mbali. Darubini za zamani za mirija, za asili ya kijeshi, ziligharimu maelfu ya dola, na mwanga mkali wa mchana uliweza kuziharibu. Hizi za kidijitali hupatikana kwa mamia ya dola, na hutumika usiku na mchana. Ndiyo maana zimeenea mikononi mwa watu wa kawaida.

Mwindaji huketi upepo ukimjia usoni, akaweka mbele yake kipaza sauti chenye kutoa kilio cha sungura aliyenaswa. Koyote husikia kilio akaja, mara nyingi kwa kuzunguka ili apate harufu kabla ya kukaribia. Kinachoonekana kwanza katika skrini si mwili wake, bali macho. Wanyama wengi wa usiku wana utando nyuma ya jicho unaourudisha mwanga, nao hung'aa kama kioo.

Na hapa ndipo shida inapoanzia. Macho ya koyote hung'aa, na ya mbwa wa jirani hung'aa, na ya paa, na ya ng'ombe, na ya paka. Binadamu hana utando huo. Mtu aliyeinama kondeni akitafuta mnyama wake aliyepotea hatangazwi na macho yake. Picha yenyewe haina rangi. Ukungu na vumbi huurudisha mwanga wa kurunzi na kuifanya picha nyeupe kama maziwa. Akitaka kukuza picha ya mbali, mara nyingi chombo hukuza vitone vilevile tu bila kuongeza habari yoyote mpya. Hata darubini za joto, ambazo hazihitaji kurunzi kwa kuwa huhisi joto la mwili, huonyesha kwamba pana kiumbe hai bila kuonyesha rangi yake.

Basi kugundua kwamba pana kitu ni hatua ya kwanza. Kumtambua ni nani ni hatua nyingine kabisa. Wawindaji waaminifu wa huko hufundishana kanuni moja kabla ya nyingine zote: usiguse kifyatulio mpaka uwe na yakini na unachokilenga, na na kilicho nyuma yake.

Kisa cha rasi ya Albemarle

Ziko nchi ambako kuikosa hatua hiyo ya pili kumegharimu zaidi ya mbwa wa jirani. Katika pwani ya jimbo la North Carolina, mashariki mwa Marekani, kuna rasi inayoitwa Albemarle. Ni nchi tambarare ya vinamasi, misitu, na makonde ya mahindi, pamba na soya. Huko ndiko linakoishi kundi la porini la mbwa-mwitu mwekundu, mmoja wa wanyama adimu kabisa ulimwenguni.

Mnyama huyo alitangazwa mwaka 1980 kuwa ametoweka porini. Waliosalia walikuwa wachache waliokamatwa na kuzalishwa katika hifadhi, na wote waliopo leo ni kizazi cha wanyama 14 tu. Mwaka 1987 wa kwanza wao walirudishwa porini katika rasi hiyo, na kwa subira ya miaka mingi wakaongezeka hadi wakapita 100. Wakati huohuo koyote naye alikuwa akisonga mbele kutoka magharibi. Kufikia mwaka 2005 alikuwa amethibitishwa katika kaunti zote 100 za North Carolina.

Mwaka 2012 mamlaka ya wanyamapori ya jimbo iliruhusu koyote wawindwe usiku kwa taa, hata katika rasi ya mbwa-mwitu. Watetezi wa wanyama walipinga, na hoja yao ilikuwa nyepesi kueleweka. Mbwa-mwitu mwekundu mzima huwa na kilo 20 hadi 36, ni mkubwa kuliko koyote, na ana wekundu nyuma ya masikio. Lakini yule mchanga, ambaye hajakamilika mwili, amefanana mno na koyote. Mchana wenyewe watu huwachanganya. Usiku je?

Shauri lilifika mahakama ya shirikisho. Mwezi Mei 2014 mahakama ikasimamisha uwindaji wa koyote katika kaunti tano za eneo hilo: Dare, Tyrrell, Hyde, Washington na Beaufort. Novemba mwaka huohuo pande zote zikapatana. Usiku koyote hatawindwa katika kaunti hizo. Mchana atawindwa kwa kibali, na anayemuua atatoa taarifa.

Kuna jambo moja katika kisa hiki lililotushangaza zaidi ya mengine. Wataalamu wa huko huwakamata baadhi ya koyote, wakawafunga kizazi, kisha wakawaachia warudi makwao. Koyote aliyefungwa kizazi huendelea kulilinda eneo lake na kuwafukuza koyote wageni, lakini hawezi kuzaa machotara na mbwa-mwitu. Amekuwa bawabu asiyejua kwamba ni bawabu. Anayemuua hafungui tu mlango kwa koyote mwingine mwenye uwezo wa kuzaa; anaubomoa ukuta uliojengwa kwa kazi ya miaka. Na anayemuua mbwa-mwitu mmoja huweza kumwacha mwenzake mjane, ambaye asipopata wa jinsi yake huishia kwa koyote.

Ili watu wawatofautishe, mbwa-mwitu huvishwa shingoni mikanda ya rangi ya machungwa yenye kumeremeta, na koyote waliofungwa kizazi huvishwa myeupe. Ni hatua ya busara. Lakini wasomaji wakumbuke ile picha ya simu. Katika jicho la infraredi hakuna rangi ya machungwa. Kinachometa hung'aa cheupe tu, kiwe kilikuwa na rangi gani mchana. Alama iliyowekwa ili mtu atambue huonekana vizuri sana, na bado haimwambii anachohitaji kujua.

Hatusemi kwamba darubini ndiyo iliyowamaliza mbwa-mwitu hao. Risasi za mchana na za usiku, magari barabarani, na mvutano wa muda mrefu kati ya serikali na wenye ardhi vyote vilichangia. Lakini kufikia mwaka 2020 hivi, waliojulikana kuwa hai porini walikuwa chini ya 20. Idadi ikishafika hapo, kosa la mtu mmoja katika usiku mmoja si dogo tena.

Kuona na kutambua

Jambo hili si geni katika elimu ya Waislamu. Takriban miaka elfu moja iliyopita, mwanachuoni Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyefanya kazi yake Kairo, aliandika Kitab al-Manazir, kitabu kikubwa juu ya mwanga na macho. Alieleza kwamba tunaona kwa sababu mwanga hutoka kwenye vitu ukaingia machoni. Kisha hakuishia hapo. Alitenga sehemu nzima ya kitabu, ile ya tatu, kuyachambua makosa ya macho, kwa kuwa alijua kwamba mwanga hufika jichoni, ilhali kumtambua kiumbe ni kazi ya akili yenye kulinganisha na kuhukumu. Umbali ukizidi, mwanga ukipungua au muda ukiwa mfupi, hukumu hukosea.

Katika Sura ya Al-Hujurat, aya ya 6, Mwenyezi Mungu ametuamrisha tuhakikishe habari tunayoletewa, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua kisha tukabaki na majuto. Aya imekuja juu ya habari na mwenye kuileta. Hata hivyo adabu yake ni pana, na skrini ya darubini nayo ni mleta habari.

Sheria yetu haikukataza kuwinda kwa haja, wala haikumkataza mfugaji kuondoa madhara yanayomfika. Lakini Mtume wetu (s.a.w.) alikataza kiumbe chenye roho kufanywa shabaha, akaamrisha wema hata katika kuua. Na mnyama mwenye meno ya chonge haliwi. Basi kati ya mfugaji anayelinda kundi lake na mtu anayehesabu mizoga kwa burudani pana tofauti ambayo kijana wetu anapaswa kufundishwa kuiona. Wamarekani wenyewe wamelijadili hilo. Mwaka 2014 California ilipiga marufuku zawadi katika mashindano ya kuua koyote na wanyama wengine wa namna hiyo, na majimbo mengine yakafuata kwa sheria zao, Vermont mwaka 2018 na New Mexico mwaka 2019.

Kulinda kunashinda kusaka

Je, kuua kwingi kumemaliza shida ya mfugaji? Pamoja na risasi zote hizo, koyote ameongeza makao yake badala ya kuyapunguza. Wataalamu wameeleza sababu. Koyote wakuu wa eneo wakiuawa, wadogo waliokuwa hawazai huanza kuzaa, na watoto wanaozaliwa hupata chakula zaidi, wakasalimika wengi. Mwenye eneo akiondoka, mgeni huingia. Na huyo mgeni huenda akawa mla kondoo kuliko yule aliyeuawa.

Kwa sababu hiyo, wafugaji wengi wa huko wamerudi kwenye njia za kale. Huwaingiza kondoo zizini usiku, hasa msimu wa kuzaa. Huweka uzio wa umeme. Hufuga punda au llama pamoja na kondoo, kwani wanyama hao huwachukia mbwa wageni. Na hufuga mbwa walinzi wanaolelewa ndani ya kundi tangu udogoni, wakiwemo wa asili ya Anatolia, Uturuki. Mbwa wa Anatolia wamekuwa pia wakilinda mbuzi Namibia dhidi ya duma tangu mwaka 1994. Sheria yetu nayo imeruhusu mbwa wa kulinda mifugo, wa shamba na wa kuwinda. Kaunti ya Marin, California, takriban mwaka 2000 iliacha kutegemea wauaji wa serikali, ikaanza kuwasaidia wafugaji wake kupata uzio na mbwa walinzi.

Hapa kwetu Kenya tuna mfano wetu. Uwindaji wa starehe ulipigwa marufuku mwaka 1977, lakini simba, fisi na bweha hawakuacha kuingia mazizini. Richard Turere, kijana wa Kimaasai aliyekuwa akichunga ng'ombe wa babake karibu na Mbuga ya Taifa ya Nairobi, aligundua kwamba simba huogopa mwanga unaotembea. Akaunganisha taa ndogo ziwake na kuzimika kwa zamu kuzunguka zizi, na simba wakadhani pana mtu anayezunguka na kurunzi. Mwaka 2013 alisimama mbele ya ulimwengu katika jukwaa la TED akalieleza jambo hilo. Na katika Maasai Mara, mwaka 2016, kamera za joto, ndugu za zile zinazofungwa juu ya bunduki, zilianza kutumiwa na askari wa wanyamapori kuwanasa majangili usiku. Chombo ni kilekile. Kilichobadilika ni kusudi la mkono ulioshika.

Turudi sebuleni. Hatuwashauri wazazi wainyakue simu wala wamkemee mtoto. Twawashauri waketi kando yake, waitazame ile picha pamoja naye, kisha wamwulize maswali mawili kwa upole. La kwanza: "Amejuaje kwamba ni koyote?" La pili: "Na kama siye?"

Mtoto huenda akakosa jibu. Hapana ubaya. Wahenga walisema usilolijua ni usiku wa kiza, na usiku huo haumalizwi na darubini yoyote. Na kijana aliyezoea kujiuliza "nimejuaje?" kabla ya kufyatua, atajiuliza vivyo hivyo kabla ya kusambaza uvumi juu ya jirani, kabla ya kumtuhumu mwenziwe, na kabla ya kuinua mkono. Majuto ni mjukuu, na risasi haina njia ya kurudi.

Mwenyezi Mungu atujaalie macho yenye kuona na nyoyo zenye kuhakikisha. Amin.